Jiriwa ya mbao ya kushikia chensoo wakati wa kunoa: kuitengeneza, kuitumia, na kunoa mnyororo ukate kwa mstari

Msumeno wa mnyororo unaokata kwa kupinda mara nyingi hauna ubovu wowote wa mashine. Injini ni nzima, mnyororo bado una maisha, tupa imenunuliwa wiki hiyo hiyo, lakini ubao unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mtazame mwenyewe anavyonoa utaona chanzo. Amekaa kwenye gogo, chensoo ameilaza mapajani, mkono mmoja umeshika msumeno na mwingine unasukuma tupa. Kila tupa ikipita, msumeno unatikisika. Jino la kwanza linapata pembe ya nyuzi 30, la pili 22, la tatu 35. Meno ya upande alioukalia vizuri yanabaki marefu na makali, ya upande wa pili yanaliwa bila mpangilio. Msumeno utavutwa kuelekea upande wenye meno marefu, na hakuna nguvu ya mikono itakayounyoosha.

Kwa anayekata kuni hilo ni usumbufu tu. Kwa anayepasua mbao kwa mkono, kama wanavyofanya wapasuaji wengi wa Mufindi, Njombe na misitu ya Kenya na Uganda, hilo ni hasara: ubao uliopinda unashushwa bei au unakataliwa kabisa, na petroli iliyochomwa hairudi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kununua tupa ya bei kubwa, tafuta kwanza namna ya kuufanya msumeno utulie. Jiriwa ya chuma yenye mdomo mpana ni ghali, na ile ndogo ya dukani inabana mnyororo pamoja na upanga, kwa hiyo haikusaidii. Ya mbao unaweza kuitengeneza kwa nusu siku kwa mabaki ya mbao, bolti moja na kipande cha tairi, na kwa kazi hii ni bora kuliko nyingi za kununua.

Kabla ya kupima chochote, tukubaliane majina. Upanga ni lile bamba refu ambalo mnyororo huzunguka. Mafundi wengi huliita ba. Jino lina paa, ambalo ni bapa la juu, na ukuta, ambao ni ubavu wake wa nje. Mbele ya kila jino kuna kijino kifupi kisicho na makali. Nitakiita kijino cha kina, kwa sababu kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani kwenye mti. Meno hupishana, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto. Muundo huu una mwanzo unaojulikana: mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mdudu anayekula mbao akitafuna kushoto na kulia kwa zamu, akaunda jino la mnyororo kwa kumuiga. Mwaka uliofuata alianza kuuza minyororo hiyo, na karibu kila mnyororo unaoukuta leo, wa Mafinga au wa Eldoret, ni uzao wa wazo hilo. Ukielewa kwamba kushoto na kulia ni lazima zisaidiane, utaelewa pia kwa nini meno yasiyolingana yanapindisha msumeno.

Jiriwa inatakiwa kufanya nini

Masharti ni matatu, na mengine yote yanatokana na hayo.

La kwanza, ishike upanga peke yake. Mnyororo wa juu na wa chini vyote viwe huru, uweze kuuvuta kwa mkono na kuleta jino linalofuata bila kufungua chochote. Hapa ndipo jiriwa nyingi za kubuni zinapokosea. Meno ya mnyororo ni mapana kuliko upanga, kwa hiyo ukiubana upanga kati ya mbao mbili bapa, mbao hizo zitagusa mnyororo wa chini kwanza na upanga utabaki unacheza.

La pili, mnyororo uwe kwenye usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Ukiinama, tupa nayo inainama. Ukiinua bega, tupa inapanda. Tupa inayokwenda sambamba na ardhi kila safari ni nusu ya kunoa vizuri.

La tatu, mwili wa mashine uwe na mahali pake pa kukaa. Chensoo kubwa ya kupasulia mbao ina zaidi ya kilo 6 bila upanga wala mafuta. Uzito huo ukining'inia kwenye jiriwa, upanga utajipinda na kila kitu kitacheza.

Vifaa

Tafuta ubao wa 2 kwa 8 wa mti mgumu uliokauka: mninga, mtiki au mkaratusi mkavu. Paina inafaa pia ukikosa kingine, ila weka washa pana zaidi ili bolti isizame. Unahitaji vipande viwili, kimoja cha sentimita 35 na kingine cha sentimita 20. Utahitaji pia:

- kipande cha mbao cha kutenganishia, urefu sentimita 20, kimo sentimita 5, unene milimita 27
- vipande viwili vya mbao ngumu vya midomo, kila kimoja urefu sentimita 20, upana sentimita 3, unene milimita 10
- mpira wa tyubu ya gari, vipande viwili vya kufunika midomo
- bolti moja ya milimita 12, urefu sentimita 18, na washa pana mbili
- nati ya bolti hiyo, iliyochomelewa kipande cha nondo ili ikazwe kwa mkono bila spana
- kipande cha ubavu wa tairi cha kufanya bawaba, skrubu, misumari mifupi, gundi ya mbao
- bolti mbili ndefu za kufungia jiriwa kwenye meza

Nondo ya kukazia nati ni ya lazima. Mafundi wa kuchomelea huifanya kwa dakika chache. Ukiiacha na kutumia spana, utachoka kufunga na kufungua, na siku moja utajikuta umerudi kunolea mapajani.

Kutengeneza

*Hatua ya kwanza: kata mataya mawili.* Taya lisilotembea ni la sentimita 35, linalotembea ni la sentimita 20, yote upana sentimita 20. Uyasimamishe ili nyuzi za mti ziende juu na chini. Nyuzi zikilala, taya litapasuka kwenye tundu la bolti mara utakapolikaza kwa nguvu. Piga randa nyuso mbili zitakazotazamana hadi zinyooke.

*Hatua ya pili: funga midomo.* Kwenye uso wa ndani wa kila taya, ukingo wa juu kabisa, gundisha na kukaza kwa skrubu kile kipande cha milimita 10. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao visije kukwaruza upanga. Gundi ikikauka, funika kila mdomo kwa mpira wa tyubu, ukiukunja juu na kuupigilia misumari kwa nyuma. Usipigilie msumari mahali utakapokaa upanga. Midomo hii ndiyo siri ya jiriwa nzima: inashika upanga katikati kwa upana wa sentimita 3, na chini yake inaacha pengo la kutosha mnyororo wa chini kupita bila kugusa mbao.

*Hatua ya tatu: weka kitenganishi.* Pima sentimita 20 kutoka ncha ya juu ya taya refu, kwenye uso wa ndani. Kitenganishi kikae juu ya alama hiyo, yaani kati ya sentimita 15 na 20 kutoka juu, kwa gundi na skrubu nne. Unene wake wa milimita 27 haukuchaguliwa ovyo. Midomo miwili ni milimita 20, mipira miwili ni kama 4, upanga ni 4 hadi 5. Jumla inazidi kitenganishi kidogo, kwa hiyo ukikaza bolti midomo hukutana na upanga mapema na kuushika kwa nguvu yote. Kitenganishi kikiwa kinene mno, mataya yatakaza chini na juu kutabaki wazi. Ukiona hivyo, piga randa kitenganishi milimita moja moja mpaka juu kukaze.

*Hatua ya nne: toboa tundu la bolti.* Shikanisha mataya mawili mahali pake, toboa katikati ya upana, sentimita 11 kutoka juu. Tumia keekee ya milimita 12 kwa taya refu. Kwenye taya fupi, panua tundu hadi milimita 14 au 15 ili taya liweze kuinama nyuma unapofungua. Bolti ikiwa hapo, mnyororo wa chini utapita juu yake ukiwa na nafasi. Ukiipandisha zaidi, meno yatakwaruza bolti na utaharibu ulichokuja kutengeneza.

*Hatua ya tano: bawaba ya tairi.* Pigilia kipande cha tairi chini ya taya fupi na chini ya kitenganishi, ili taya liweze kufunguka kwa juu bila kuanguka. Bawaba ya chuma pia inafaa, ila tairi haipati kutu wala haigongani. Kati ya mataya, kwenye bolti, ingiza kipande cha springi ya zamani au cha sponji ngumu. Kitalisukuma taya lifunguke lenyewe ukilegeza nati. Juu panatakiwa pafunguke angalau milimita 12, maana upanga unaingia ukiwa na mnyororo wake.

*Hatua ya sita: ifunge kwenye meza.* Sentimita 15 za chini za taya refu zinashikana na ubavu wa meza kwa bolti mbili, ili kitenganishi na taya fupi vikae juu ya meza. Meza ya kimo cha sentimita 75 hadi 80 itakupeleka karibu na kiwiko kama una urefu wa kawaida. Iwe nyembamba, isizidi sentimita 40, na isiegemee ukuta, kwa sababu utanoa meno ya upande mmoja ukiwa huku na ya upande wa pili ukiwa ng'ambo. Miguu yake ichimbiwe au ifungwe kwenye sakafu. Meza inayoyumba inafuta faida yote ya jiriwa.

*Hatua ya saba: chora mistari ya nyuzi.* Hapa ndipo jiriwa ya kujitengenezea inapoishinda ya dukani. Funga mataya, kisha juu yake chora mstari mmoja unaokata upanga kwa pembe mraba. Kutoka kwenye mstari huo utapata pembe zako bila kifaa chochote cha hesabu: kwa kila sentimita 10 unazokwenda kuvuka upanga, sogea pembeni sentimita 5.8, na hizo ni nyuzi 30. Kwa nyuzi 10 sogea sentimita 1.8. Chora mistari ya kuelekea kulia na ya kuelekea kushoto, itakatana katikati kama alama ya kuzidisha. Itie mfereji mwembamba kwa msumeno wa mkono, kisha paka wino au rangi nyeusi ili isifutike. Unaponoa, tazama kutoka juu: tupa ikiwa sambamba na mstari, jino limepata pembe yake.

Anayependelea chuma anaweza kutumia enguline (vyuma vya umbo la L) mbili za milimita 40, midomo ya mbao ikifungwa juu kwa ndani, kwa mpangilio ule ule. Inadumu zaidi. Ila usiache chuma kishike upanga moja kwa moja.

Kuufunga msumeno

Zima mashine, iache ipoe, toa kofia ya plagi. Ndiyo, hata kama unaijua mashine yako. Vaa glovu za ngozi na miwani. Vumbi la chuma jichoni si jambo la kusubiri.

Safisha mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha ukaushe. Utomvu wa paina na mchanga hula tupa haraka kuliko chuma chenyewe. Kaza mnyororo zaidi kidogo kuliko unavyoukaza wakati wa kukata, ili jino lisilale ubavu chini ya tupa, na ukumbuke kuulegeza ukimaliza.

Fungua jiriwa, shusha upanga kutoka juu na ukingo wa juu utokeze. Sehemu ya kushikwa ni katikati ya upanga, kwa kimo na kwa urefu. Chini ya mwili wa mashine weka gogo dogo au mbao zilizopangwa mpaka upanga ulale sawa na ardhi bila kulazimishwa, ndipo ukaze nati. Vuta mnyororo kwa mkono wenye glovu, uende mzunguko mzima. Ukikwama mahali, legeza na upandishe upanga kidogo.

Wakati wa kusukuma tupa, funga breki ya mnyororo ili jino lisirudi nyuma. Ukitaka jino linalofuata, fungua breki, vuta mnyororo kuelekea puani mwa upanga, funga tena. Mwanzoni utaona usumbufu, lakini mkono huzoea.

Tupa sahihi

Tupa ya duara lazima ilingane na mnyororo, si na hali ya duka. Namba ya mnyororo huwa kwenye boksi lake, na mara nyingi imepigwa kwenye jino au kwenye pingili. Ikikosekana, pima umbali kutoka katikati ya riveti moja hadi katikati ya riveti ya tatu, ukihesabu ile uliyoanzia kuwa ya kwanza. Ukipata kama milimita 16.5, mnyororo ni wa saizi ya .325 (saizi huandikwa kwa inchi) na tupa yake ni milimita 4.8. Kama 18.6 ni wa 3/8, tupa 5.2. Kama 20.5 ni wa .404, ule wa mashine kubwa, tupa 5.5. Minyororo midogo ya 3/8 yenye meno mafupi, ya mashine za bustani, inachukua milimita 4.0 ingawa kipimo cha riveti ni kile kile, kwa hiyo tazama pia ukubwa wa jino.

Tupa nyembamba mno huchimba chini na kuacha ndoana inayokatika haraka. Tupa nene mno hufanya jino liwe butu tangu mwanzo. Tia mpini, na uigongegonge kwenye mbao mara kwa mara ili vumbi lianguke. Usiipake mafuta.

Kunoa

Anza kwa kutafuta jino fupi kuliko yote au lililoumia zaidi. Litie alama kwa rangi ya kucha au kalamu nene. Hilo ndilo kipimo: meno mengine yote yatafupishwa mpaka yalingane nalo. Wengi huona uchungu kufupisha meno mazuri kwa ajili ya moja bovu, na mnyororo wa bei si kitu cha kuchezea. Lakini meno yasiyolingana yanakula mnyororo, upanga na petroli kwa pamoja, na hakuna namna nyingine ya kupata mkato ulionyooka.

Simama ili tupa iingie kutoka ndani ya jino na kutokea nje. Ukuta na paa vina ngozi ya kromu kwa nje, nyembamba na ngumu. Ukisukuma kutoka nje kuelekea ndani utaibandua ngozi hiyo na kuua tupa. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa vidole vya mwingine, kazi ambayo haiwezekani ukiwa umeushika msumeno mapajani. Moja ya tano ya unene wa tupa itokeze juu ya paa la jino. Zaidi ya hapo jino linapoteza ndoana, pungufu ya hapo linakuwa dhaifu. Weka tupa sambamba na mstari wa nyuzi 30 na ardhi, isipokuwa boksi la mnyororo wako linataja kuinamisha.

Sukuma kwa nguvu ya wastani, mwendo mmoja mrefu, ukiibana tupa nyuma na juu. Inua, irudishe hewani, sukuma tena. Usiiburute ikirudi, maana meno ya tupa yanafutika. Mnyororo uliochoka kawaida unahitaji misukumo mitatu hadi mitano kwa jino. Hesabu, na jino linalofuata lipewe idadi ile ile kwa nguvu ile ile. Zungusha tupa kidogo kila baada ya meno machache ili isilike upande mmoja.

Utajuaje jino limekaa sawa? Tazama ukingo wake dhidi ya mwanga. Ukingo butu unarudisha mng'ao mwembamba mweupe. Ukingo mkali haurudishi kitu. Pale ambapo msumeno uligonga jiwe, kromu inakuwa imekatika, nawe huna budi kupitisha tupa mpaka ufike kwenye kromu nzima. Ukiacha hata kipande kidogo kilichobanduka, jino hilo litakufa tena kabla ya saa sita mchana.

Ruka jino moja moja, ukinoa ya upande huo tu, mpaka alama yako irudi. Kisha hamia ng'ambo ya meza, ufanye vivyo hivyo kwa meno ya upande wa pili. Mkono wako wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, kwa hiyo upande mmoja utaelekea kuliwa zaidi. Ukimaliza, pima meno matatu ya kila upande kwa kalipa au hata kwa kipande cha karatasi ulichokitia alama, na urekebishe tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa wapasuaji wa mbao: nyuzi 30 ni za kukata mti kwa kuukatiza. Kwa kupasua kufuata nyuzi za mti, nyuzi 10 zinatoa ubao laini zaidi na msumeno unavuta kwa utulivu. Usibadilishe mnyororo wa 30 kuwa 10 kwa siku moja, utapoteza chuma kingi. Punguza kidogo kidogo kila unaponoa, ukifuata ule mstari wa pili juu ya jiriwa.

Meno mengi yana mstari mdogo nyuma ya paa unaoonyesha mwisho wa maisha yake. Ukiufikia, au paa likibaki chini ya milimita 4, mnyororo huo umefika mwisho. Jino fupi mno hukatika, nalo huruka kwa kasi ya kuua.

Kijino cha kina

Watu huwa hawakigusi kabisa, au hukifyeka chote. Yote mawili ni mabaya, na la pili ni la hatari.

Jino linapofupishwa, paa lake linashuka, kwa sababu linateremka kuelekea nyuma. Kijino cha kina kinabaki pale pale. Baada ya kunoa mara tatu au nne, jino halizami tena kwenye mti ingawa ni kali, na msumeno unatoa unga badala ya vipande. Tofauti ya kimo kati ya jino na kijino kwa mnyororo wa 3/8 na .325 ni milimita 0.65, kwa .404 ni 0.8. Kuna bati maalumu la kupimia, ambalo si ghali. Ukilikosa, laza rula ya chuma juu ya meno mawili yanayofuatana, uingize kati ya rula na kijino fila geji ile ile ambayo fundi wa magari hutumia kwa vali. Ya 0.65 ikipita kwa kugusa kidogo, pako sawa. Isipopita, shusha kijino kwa tupa bapa, msukumo mmoja mmoja, kisha zungusha ukingo wake wa mbele uwe wa mviringo kama ulivyokuwa.

Kijino kilichoshushwa mno kinafanya jino lizame kuliko injini inavyoweza kulivuta. Msumeno unadaka, unatetemeka, klachi inachoka, na ncha ya upanga ikigusa mti, chensoo inaruka juu kumrudia mwenyewe usoni au begani. Tafadhali usimsikilize anayekuambia ufyeke vijino ili msumeno uwe na njaa zaidi.

Msumeno ukiwa bado kwenye jiriwa, pitisha tupa bapa kwenye kingo za upanga kuondoa makapi ya chuma yaliyojikunja, kwa upande ulio wazi. Kila ukinoa, geuza upanga juu chini ili ulike sawa.

Ukiwa porini

Jiriwa ya meza haibebeki. Porini tumia gogo lililolala, nene kuanzia sentimita 40. Kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill visiki hukatwa karibu na ardhi, kwa hiyo gogo ndilo litakufaa zaidi. Lizuie kwa mawe lisibingirike. Kabla chensoo haijawa butu kabisa, kata mfereji kuvuka gogo, wenye kina kinachomeza zaidi ya nusu ya upanga. Zima, subiri ipoe, simamisha upanga ndani ya mfereji. Mfereji ni mpana kidogo kuliko upanga, kwa hiyo chonga kabari nne nyembamba na uzipigilie, mbili kila upande, juu ya mnyororo wa chini ili ziguse upanga tu. Vuta mnyororo kuhakikisha unatembea. Utanoa ukiwa umepiga goti, na mstari wa nyuzi 30 unaweza kuuchora kwa mkaa juu ya gogo lenyewe.

Namna hii inatosha kurudisha makali ya mchana. Kunoa kwa kina, kulinganisha urefu wa meno na kugusa vijino vya kina, kusubiri jioni mezani. Na ujue mti unaoukata: mvule una tabia ya kuficha mawe ya chokaa ndani ya shina, na gogo lolote lililoburutwa kwenye udongo limebeba mchanga kwenye gamba. Bandua gamba kwa shoka pale mnyororo utakapoingilia, utanoa mara chache zaidi.

Kujaribu

Legeza mnyororo urudi kwenye mkazo wa kukatia, upake mafuta, rudisha kofia ya plagi. Kata kipande cha gogo safi bila kuukandamiza msumeno. Uzito wake wenyewe utoshe. Vipande vinene vya mraba vikiruka na mkato ukashuka wima, umemaliza.

Mkato ukipinda kulia, meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto: rudisha msumeno kwenye jiriwa, uyapunguze ya kulia msukumo mmoja mmoja hadi yalingane. Ukinyooka lakini unatoa unga, tazama vijino vya kina. Ukidaka na kuruka, vijino vimeshuka mno, na mnyororo huo usiutumie mpaka meno yafupishwe kuvifuata. Ukiendelea kupinda hata baada ya meno kulingana, geukia upanga: kingo zake zikiwa zimelika upande mmoja zaidi, mnyororo unalala, na hapo tupa haina dawa.

Jiriwa yenyewe inadai kidogo sana. Mpira wa midomo ukilowa mafuta huteleza, ubadilishe. Mbao zikikauka zaidi, skrubu za kitenganishi hulegea, zikaze. Na kila baada ya miezi michache pima tena ile mistari ya juu kwa sentimita 10 na 5.8, maana midomo ikilika upanga husogea pembeni na pembe husogea nao.